Rangi si Hoja: Tahakiki ya Rasimu ya Majina ya Buibui Wakubwa

Miongoni mwa rasimu za istilahi zilizoletwa kwetu ili zitolewe maoni, imo moja fupi inayokusudiwa kuwasaidia walimu wa sayansi kutaja viumbe wadogo wa nchi kavu. Mtungaji wake amejitahidi, na mengi aliyoyaorodhesha yanafaa kupitishwa. Lakini mafungu manne yahusuyo buibui wakubwa yametusimamisha, kwa kuwa makosa yake ni ya aina inayojirudia katika kazi nyingi za tafsiri.

Fungu la kwanza lasema: "Tarantula: buibui mkubwa mwenye sumu." Neno hili latokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia, na hapo awali lilimhusu buibui mwindaji ambaye Linnaeus alimwingiza katika sayansi mwaka 1758. Baadaye Wazungu walilihamishia kwa buibui wakubwa wa familia nyingine kabisa, Theraphosidae, ambayo ndiyo yenye jamaa zao wa Afrika Mashariki. Isitoshe, karibu buibui wote wana sumu. Basi sifa hiyo haimtengi yeyote. Kinachoitenga familia hii na buibui wa dari zetu ni meno yanayoshuka chini sambamba kama sururu mbili, ilhali ya wale wa nyumbani hukutana kama koleo, pamoja na mapafu manne badala ya mawili.

Fungu la pili laita Pterinochilus murinus "buibui wa rangi ya chungwa". Hapa kosa ni zito zaidi. Pocock alipompa jina mwaka 1897, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya rangi ya panya. Hakukosea, wala mtungaji wetu hakumwona buibui mwingine: spishi hiyo moja ina walio wa chungwa, wa kijivu na wa kahawia. Kwa upande mwingine, wale wasio wa chungwa hufanana mno na spishi nyingine za jenasi hiyohiyo, mathalani P. chordatus aliyeelezwa na Gerstäcker mwaka 1873. Wataalamu huwatofautisha kwa umbo la vifuko vya mbegu vya jike, vinavyoonekana kwa hadubini hata katika gamba alilolivua, na kwa ncha ya kipapasio cha dume.

Fungu la tatu, "buibui mfalme", kwa Pelinobius muticus, ni jina la sokoni lisiloeleza chochote. Karsch alimpa buibui huyu jina mwaka 1885. Mwaka 1900 Pocock akampa jingine, Citharischius crawshayi, na majina hayo mawili yalidumu hadi Gallon alipoyaunganisha mwaka 2010. Ikiwa mabingwa walidhani mmoja ni wawili kwa miaka 110, mfasiri hana budi kujihadhari.

Fungu la nne, "buibui miguu-minene", kwa Eucratoscelus pachypus, ndilo bora, maana lafuata jina lenyewe la kitaalamu. Hata hivyo, iliyonenepa ni miguu ya nyuma tu, na Pelinobius naye ana miguu ya nyuma minene. Sifa ya kweli bado si sifa ya pekee.

Huenda mtumishi wa Serikali aliyeko Bariadi akauliza: haya yanatuhusu nini? Yanamhusu. Mwanafunzi akileta darasani buibui wa kijivu kutoka shamba la pamba, mwalimu mwenye orodha hii atamwambia kuwa si yule wa kitabuni. Mgonjwa akifika zahanati kwa maumivu makali na misuli iliyokakamaa, mganga atauliza kama buibui alikuwa wa chungwa, na jibu litampoteza.

Tena huko Simiyu lipo somo ambalo sisi wa ofisini tungepaswa kujifunza mapema. Mkulima wa Kisukuma hatofautishi udongo kwa rangi peke yake. Luseni ni wa mchanga. Itogolo hushikamana, hukauka ukawa mgumu na kutuamisha maji. Mbuga ni mfinyanzi mweusi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi. Kila jina linabeba habari ya maji, jembe na zao. Hiyo ndiyo istilahi: jina lililotokana na tofauti inayofanya kazi.

Nasi hatujitoi katika lawama. Tulipoanza kuipitia rasimu hii tulipendekeza "buibui-shimo" kwa kundi zima, tukalifurahia kwa ufupi wake. Tumeliondoa, kwa sababu P. murinus hutanda nyumba yake hata vichakani.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Neno "tarantula" lisitumike katika vitabu vya shule. Pasemwe "buibui wakubwa wa familia ya Theraphosidae" mpaka jina la kufaa lipatikane. Majina ya spishi yabaki ya Kilatini, yakifuatwa na maelezo ya Kiswahili, wala yasitafsiriwe kwa rangi. Na kabla ya kuunda jipya, yakusanywe majina ya wenyeji, kila moja pamoja na habari ya mahali buibui huyo akaapo na namna wanavyomtambua. Walimu wa Bariadi, Maswa na Meatu wanaweza kutuanzia kazi hiyo. Tutapokea hata jina moja, mradi liwe na maelezo yake.