Sitini na sita ilitosha

Kasha lile halikupaswa kukatwa. Nayasema haya mapema kwa sababu wengi wenu mliyatazama mauzo yale mubashara na hukumu mnayo tayari. Noti ya yuani 50 ya mwaka 1980, 888a kwenye katalogi ya Pick, imekaa kwenye kasha lake ikiwa na daraja la 66 na zile herufi tatu, EPQ. Muuzaji anashika mkasi mbele ya kamera, anakata, lebo anaitupa kwenye pipa la taka, anatangaza kwamba anaifuata 67.

Hatua hiyo tuitazame polepole. PMG, kampuni inayopima noti, hawatoi 65 au zaidi bila EPQ. Herufi hizo zinashuhudia kwamba karatasi ni ile ile iliyotoka mtamboni: haijaoshwa, haijapigwa pasi, haijazibwa popote. Zikiondoka, noti hata ingemeta vipi, dari yake ni 64. Kwa hiyo mwenye 66 hakuwa anahatarisha pointi moja ili apate pointi moja. Juu alikuwa na ngazi moja ya kupanda. Chini, akikosa herufi, alikuwa anaanguka mbili kwa mpigo na kupoteza kile hasa ambacho wanunuzi wa noti za mfululizo wa nne wa yuani hulipia.

Na bado angenusurika kama angeipeleka ilivyo. Kilichoinyima 67 mara ya kwanza kilionekana hata kwenye simu: kona ya juu kulia ilikuwa na kile kiwimbi cha kuhesabiwa, kazi ya kidole gumba cha karani wa benki. Badala ya kukiacha, bwana akaibana noti kati ya vioo viwili, akaipa joto. Mchezo uliishia hapo. Uso wa noti hii umechapwa kwa bamba la kuchongwa. Karatasi husukumwa kwa nguvu ndani ya mifereji ya bamba, ndiyo maana ukipapasa nyuso za mfanyakazi, mkulima na msomi wino hukwaruza kidole, na ukiigeuza upande wa maporomoko ya Hukou unauona mbonyeo wake. Joto na mgandamizo vikipita, matuta yale hulala na hayaamki tena. Mpimaji hahitaji mtambo wowote kuligundua hilo. Anaiinamisha noti chini ya mwanga wa pembeni, basi. Ikarudi 64, herufi hakuna.

Nimpe haki yake: uthibitisho wa uhalali aliufanya vizuri, akaonyesha alama ya maji ya kichwa cha mfua chuma, wala hakupoteza muda kutafuta uzi wa usalama, ambao ulikuja na toleo la 1990.

Ila ugonjwa huu wa kufukuzia namba, nimeshausema hapa na nitausema tena, umeletwa na kipimo chenyewe. Ngazi za hadi 70 zilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Shaba haikunjiki mfukoni, haina kona ya kupinda. Tukaichukua ngazi hiyo tukaivika karatasi, na sasa tunaivika hata plastiki: noti ya ukumbusho ya joka ya 2024, yuani 20, nakala milioni 100, inatoka benki moja kwa moja kwenda kupimwa, inarudi na 68, na watu wanapongezana. Inapimwa noti hapo, au unapimwa usafi wa glavu? Joka la 2000, yuani 100, lilikuwa milioni 10 tu, na walau hilo lina sababu ya kutafutwa. 

Albert Pick aliorodhesha noti za dunia nzima na namba zake tunazitumia hadi leo, na hakuhitaji kubishana kuhusu tofauti ya 66 na 67. Kizazi kile kikipata kumi nyeusi, noti ya yuani 10 ya 1953, ile iliyochapwa Urusi ya Kisovieti na kuondolewa mwaka 1964, ikiwa na mikunjo yake mitatu, waliipokea na mikunjo yake. Mkunjo uliwaambia kwamba noti ilitumika kabla haijaondolewa. Nani kati yao angeikimbilia na pasi?

Jambo la mwisho linawahusu mnaonunua wiki hii. Lebo iliyokwenda pipani haikurudishwa kwa waliopima, kwa hiyo kwenye rejista ya hadhara ile 66 bado inahesabika, na pembeni yake imeongezeka 64 moja. Mkiisoma idadi ya 888a, toeni moja kwenye safu ya 66.