Imekatika au Imekatwa? Kiswahili cha Kompyuta Mbele ya Fundi

Katika makala haya tunakusudia kukipima Kiswahili cha kompyuta kwa kipimo ambacho wahakiki wetu hawakitumii mara nyingi. Kwa miaka mingi mjadala umehusu majina: tuseme kompyuta au tarakilishi? Kipanya au puku? Mtandao au intaneti? Sisi tunauliza swali jingine. Kifaa kikiharibika, je, Kiswahili tulichokilimbikiza katika orodha za istilahi kinamwezesha mwenye kifaa kukitengeneza?

Mfano wetu ni intaneti ya kupiga simu, ile iliyotumia modemu na waya wa simu ya mezani. Hapa Rwanda wengi waliipata kupitia Rwandatel, kampuni iliyonyang'anywa leseni mwaka 2011. Huko Marekani, AOL ilifunga huduma yake ya aina hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Tumechagua mfano uliopitwa na wakati kwa makusudi. Ubovu wake unajulikana hatua kwa hatua, kwa hiyo ni rahisi kuona mahali lugha inapomsaidia mtu na mahali inapomwacha njiani.

Kazi iliyofanyika

Kwanza tutoe haki kwa wenye haki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuziandaa Windows na Office kwa Kiswahili. Kazi hizo zilijibu kwa vitendo hoja ya waliodai kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa ndani ya kompyuta. Maneno kama faili, tovuti, barua pepe, pakua na kivinjari leo hayamshangazi mwanafunzi yeyote.

Hata hivyo, kazi hizo zililenga zaidi maandishi yanayoonekana kwenye skrini. Isitoshe, tafsiri ya Windows ya aina hiyo ilikuwa kama kanzu inayovaliwa juu ya nguo nyingine: iliwekwa juu ya toleo la lugha ya kigeni, na sehemu zisizotumika sana zilibaki katika lugha hiyo. Orodha za istilahi nazo zilipangwa kwa nomino, nomino ya Kiingereza kushoto na ya Kiswahili kulia. Msomaji alipata jina la kila kitu, lakini hakupata sentensi ya kumwongoza afanye nini kitu hicho kinapogoma.

Hata jina la shughuli yenyewe linatia shaka. Tafsiri iliyozoeleka ni "utatuzi wa matatizo", maneno yanayomkumbusha msikilizaji baraza la usuluhishi. Fundi wa redio au wa baiskeli husema kwa urahisi zaidi kwamba "anatafuta ubovu". Huo ndio msamiati tuliopaswa kuanza nao.

Kitenzi ndicho fundi

Chukua tangazo ambalo watumiaji wa simu za kisasa wanalifahamu: "Imeshindwa kuunganisha." Kiambishi i- hapo kinarejelea nini? Ni simu, laini au kampuni iliyoshindwa? Na mtumiaji afanye nini? Sarufi ya sentensi haina kosa, lakini sentensi haina mtenda anayejulikana wala njia ya kutokea.

Windows ya enzi za modemu ilitoa angalau namba. Hitilafu 680 ilimaanisha kwamba modemu haikusikia mlio wa laini. Hitilafu 676 ilimaanisha kwamba laini ina shughuli. Hitilafu 691 ilimaanisha kwamba jina la mtumiaji au neno la siri limekataliwa. Tujaribu kuieleza ya kwanza kwa Kiswahili cha fundi:

"Chomoa waya wa simu kwenye modemu, uuchomeke kwenye simu ya kawaida, kisha usikilize. Ukisikia mlio, laini na waya ni vizima. Rudi kwenye modemu uhakikishe kwamba waya uliuchomeka katika tundu la laini, si katika tundu la simu. Usiposikia mlio, jaribu waya mwingine. Ikiwa bado kimya, ubovu uko kwenye laini yenyewe. Ikiwa simu ina mlio lakini modemu haiutambui, huenda modemu imepangwa kwa ajili ya nchi nyingine. Ondoa alama katika kisanduku kinachoiamuru isubiri mlio kabla ya kupiga."

Hakuna istilahi ngumu hapo. Kinachobeba mzigo ni -ki- na -sipo- za masharti, na jozi ya chomeka na chomoa, ambapo mnyambuliko wa kutendua unamwonyesha mtu njia ya kwenda na ya kurudi. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa tayari wanatoa maelekezo ya ufundi kwa umbo hilohilo la kitenzi.

Tuendelee hatua moja. Laini iko kimya. Je, imekatika au imekatwa? Ikiwa imekatika, tunazungumzia hali: waya umeliwa na panya, umelegea ukutani, au umeangukiwa na mti. Ikiwa imekatwa, yuko aliyeikata, na pengine sababu ni bili isiyolipwa. Wa kwanza atafute bisibisi, wa pili aende ofisi ya simu na pesa mkononi. Kifaransa tunachokisikia kila siku hapa mpakani na Goma huweza kutumia neno moja kwa hali zote mbili. Kiswahili kinazitenganisha kwa irabu na konsonanti chache mwishoni mwa kitenzi. Mfasiri anayeandika "muunganisho umekatwa" kila mahali bila kufikiri anaitupa zana ambayo lugha imempa bure.

Uzito wa mashine na wembamba wa njia

Udhaifu wa pili unahusu kasi. Watu husema "mtandao mzito" kwa kila kinachochelewa. Lakini kompyuta kuukuu ya nyumbani ina uzito wake, na laini ina wembamba wake. Kuzitofautisha si vigumu. Kata simu, kisha fungua ukurasa uliohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Ukifunguka kwa kusuasua, laini haina hatia. Kumbukumbu imejaa, nawe ufunge programu usizozihitaji. Ukifunguka upesi, basi kikwazo ni laini.

Na laini yenyewe? Modemu ya kiwango cha V.90, kilichotoka mwaka 1998, iliuzwa kwa sifa ya biti 56,000 kwa sekunde. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hata katika hali bora kabisa zilipita baiti 7,000 tu kwa sekunde, na katika waya mchakavu zilipungua zaidi. Kwa baiti 4,000 kwa sekunde, picha ya baiti milioni moja ilichukua zaidi ya dakika nne. Ndiyo maana ushauri wa manufaa kuliko wote ulikuwa kuzima picha katika kivinjari, kuzuia programu zinazopakua kichinichini, na kuondoa simu za ziada na waya mrefu usio na kazi kati ya modemu na ukuta.

Hapa istilahi zetu zinahitaji mwalimu, si kamusi pekee. "Biti" na "baiti" zinatofautiana kwa sauti kidogo na kwa thamani mara nane, na anayezichanganya atadhani ameibiwa. "Kipimo data", kwa maana ya wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde, linamfanya msomaji atafute kifaa cha kupimia. "Upana wa njia" lingemfundisha zaidi, kwa kuwa kila mtu ameona magari yakibanana penye njia nyembamba.

Darasani

Kwa nini hili litushughulishe hapa Rubavu? Kinyarwanda kimeiita kompyuta mudasobwa, yaani isiyokosea. Jina zuri, ingawa aliyewahi kusubiri modemu ana la kusema. Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, lakini lugha haiwi rasmi katika maisha kwa sheria peke yake. Wanafunzi wetu wanakitumia sokoni na mpakani. Simu ikigoma wanasema "rezo haiko", kisha wanatafuta msaada kwa Kiingereza au Kifaransa. Lugha inayoachwa mlangoni kila kitu kinapoharibika itabaki lugha ya salamu na mitihani.

Tunapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi jepesi. Badala ya kumpa mwanafunzi istilahi ishirini azikariri, mpe kifaa kimoja chenye ubovu mmoja, aandike maelekezo ya nusu ukurasa. Kisha mwenzake ambaye hajawahi kukitengeneza ayafuate neno kwa neno, bila kuuliza. Kifaa kikiwaka, maandishi yamefaulu. Kisipowaka, wakae pamoja wautafute ubovu ndani ya sentensi: je, kiambishi kinarejelea nini, sharti limekosekana wapi, na kitenzi kilipaswa kuwa cha kutendwa au cha kutendeka?

Wasanifu wa istilahi wametupa misumari ya kutosha. Kazi iliyobaki ni ya kugongelea, na hiyo ni yetu sisi tunaofundisha sentensi.