Utubora, Tumaini na gunia la lumbesa

Ukitaka kujua kama riwaya inakijua kilimo, angalia mvua yake inanyeshaje. Katika riwaya zetu nyingi mvua humnyeshea mhusika. Inamlowesha mpenzi aliyeachwa, inawakuta wafiwa makaburini, inapiga mabati usiku ule ule mwizi anapoingia. Mvua ya mkulima ni nyingine kabisa. Hiyo inakuja siku moja, inakudanganya unapanda, halafu inapotea wiki tatu na mbegu zako zinabaki chakula cha mchwa. Ina hesabu ndani yake: mbegu kilo ngapi, zimenunuliwa kwa pesa ya nani, na huyo mwenye pesa atakuja lini kuidai.

Nimekuwa nikizirudia riwaya za Kiswahili zinazogusa maisha ya kijijini, hasa za Tanzania, na kila nikimaliza moja nabaki na neno lile lile mdomoni. Kijiji tunacho tele katika fasihi yetu. Shamba hatuna.

Hili si jambo dogo kwa nchi kama hii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na karibu thuluthi mbili yao wanaishi vijijini. Halafu fungua rafu yako: walimu, makarani, makahaba, wanasiasa, wasomi waliochanganyikiwa. Mkulima yupo, lakini mara nyingi ni baba wa mtu. Anakaa nyuma ya hadithi, anatuma mtoto mjini, anapokea barua, anakufa katikati ya kitabu ili mhusika mkuu apate sababu ya kurudi nyumbani. Kijiji chenyewe kimekuwa mahali pa kupimia maadili tu: unaondoka msafi, mji unakuchafua, unarudi umejifunza. Ndiyo njia inayopitwa na *Shida* (1975) ya Ndyanao Balisidya, na Balisidya alau anajua kwamba vijana hawakimbii kijiji kwa tamaa ya taa za barabarani, wanakimbia dhiki. Waliomfuata wengi walichukua safari wakaiacha dhiki.

Wapo wawili, hata hivyo, ambao ni wakulima wenyewe, jembe mkononi, na ningependa tukae nao kidogo: Utubora wa Shaaban Robert na Tumaini wa Kezilahabi.

*Utubora Mkulima* kilitoka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki. Kisa wengi mnakijua. Mtu mwenye kazi nzuri mjini, mshahara mzuri, bosi anayempenda, anaamua kuacha yote akalime Busutamu. Bosi haamini masikio yake. Na msomaji wa leo naye haamini, kwa sababu sote tumelelewa na shule ambayo jembe ni adhabu. Umechelewa namba? Kalime. Umeongea darasani? Eneo lako lile pale, hadi kule kwenye mwembe. Mtoto anapewa jembe siku aliyokosea, halafu akikua anaambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Atasadiki vipi? Shaaban Robert aliuona mzaha huo mapema, na kumweka mkulima mwenye elimu, mwenye hiari na mwenye heshima katikati ya kitabu lilikuwa jambo la kishujaa. Sitaki mtu anielewe vibaya hapo.

Lakini soma tena ukiwa na swali la kihuni kidogo: Utubora anauza kwa nani? Kwa bei gani, na nani aliyeipanga? Kitabu hakina haja na maswali hayo. Shamba la Utubora linaitikia tabia ya mwenyewe. Yeye ni mwema, nalo linastawi. Jina lake limeshakwambia kila kitu: utu, bora. Kwa Shaaban Robert hiyo ndiyo kanuni ya kazi yake yote na huwezi kumlaumu kwa kuandika hekaya ya adili kama alivyokusudia. Ila hekaya hiyo imerithiwa na watu wasiostahili. Kila kiongozi anayesimama jukwaani na kuwaambia vijana warudi shambani anamhubiri Utubora bila kumtaja. Uvivu ndio tatizo, anasema. Mwenye moyo atafanikiwa.

Na kuna mrithi mwingine wa kuchekesha. Nadhani hadithi ya kilimo inayosomwa zaidi kwa Kiswahili leo haimo katika kitabu chochote. Inasambaa WhatsApp, nanyi mmeshaipata: ekari moja ya matikiti, mashimo kadhaa, kila shimo matunda mawili, kila tunda shilingi elfu mbili, zidisha, toa gharama, na mwisho kuna mamilioni yanakusubiri baada ya siku tisini. Ina mwanzo, kati na mwisho. Ina shujaa, ambaye ni wewe. Hakuna mvua inayokatika, hakuna fuko, hakuna msimu ambao kila mtu kijijini kapanda tikiti hilo hilo. Ni Utubora aliyenyang'anywa utu akabaki na kikokotoo.

Sasa mweke Tumaini kando yake. Huyu si mtu mwema. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975) tunamkuta akitoka Ukerewe na mali ya urithi, akiitapanya Mwanza kwa pombe na wanawake, kabla hajahamia upande wa Shinyanga, akaoa, akatulia, akawa mkulima mkubwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 dola linaifikia mali yake. Anamwua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kufa.

Msomaji wa mwaka 1975 hakuhitaji kuambiwa risasi hiyo imetoka wapi. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1971, huko Ismani, Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika ugomvi uliohusu shamba na ujamaa. Mwamwindi naye alinyongwa. Ismani lilikuwa eneo la mahindi na matrekta, la watu waliojilimbikizia ardhi na wengine waliowalimia. Mjadala juu ya riwaya hii kwa kawaida huishia kwenye swali la kama Kezilahabi anaupinga Ujamaa au anaulilia. Mimi swali hilo limenichosha. Ninachokipenda ni kwamba hapa, kwa mara moja, mkulima ameruhusiwa kuwa mtu mgumu. Humpendi sana Tumaini. Unajua kwamba mali ile imepita kwenye migongo ya vibarua. Bado siku wanapokuja kuichukua unahisi kitu kimekubana kifuani, na kitabu hakikusaidii kuamua ni huruma au ni ubinafsi wako mwenyewe. Shaaban Robert asingetuacha hivyo; angetuonyesha njia.

Kasoro yake naiona mahali ambapo wahakiki hawaangalii. Kezilahabi anapokuwa baa ana subira isiyo na mwisho; anajua nani kakaa wapi na nani anamkonyeza nani. Tukifika shambani anaharakisha. Miaka ya kilimo ya Tumaini inapita upesi kuliko usiku mmoja wa Mwanza. Tunaambiwa amefanikiwa. Namna alivyofanikiwa, kwa mikono ya akina nani, waliolipwa kiasi gani na kwa mkataba upi wa mdomo, tunakisia wenyewe. Yaani hata riwaya yetu kali kuliko zote juu ya mkulima na dola inalitazama shamba kupitia dirisha la gari.

*Gamba la Nyoka* (1979) inasogea karibu zaidi, kwa sababu kuhamishwa kwenyewe ndiko kiini chake, na Kezilahabi anajua vizuri mbinu na masihara ya wanavijiji mbele ya wakubwa. Ila hata humo kilichopotea kinaelezwa zaidi kama uhuru na mazoea. Mkulima aliyehamishwa katika Operesheni Vijiji alipoteza pia elimu yake ya udongo: anajua kwamba kipande cha kule mbondeni kinashika maji mpaka Juni, kwamba karibu na kichuguu mtama unatoka mnene. Elimu hiyo haihamishiki na mabati. *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) ya Adam Shafi ina mashamba, lakini tajiri wake anatushughulisha kuliko karafuu zake. *Makuadi wa Soko Huria* (2002) ya Chachage, na kisa chake cha delta ya Rufiji na mradi wa kamba, ina uchambuzi mkali kuliko riwaya nyingine yoyote hapa. Tatizo lake ni kwamba profesa hakubali kutoka chumbani.

Kwa nini nang'ang'ania mambo haya ya udongo na mizani? Kwa sababu ya lugha. Wakulima wenyewe wameshaitunga fasihi hii kwa neno moja moja, nasi tumelala.

Chukua lumbesa. Gunia limejaa, halafu linashonewa kilemba juu, linajazwa tena mpaka linakuwa refu kama mtu amebeba mtoto mabegani. Bei ni ya gunia, uzito hauulizwi. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu wa viazi na vitunguu lumbesa inapita barabara kuu mchana kweupe. Au kangomba, neno la wakulima wa korosho huko Mtwara na Lindi: mtu ana shida leo, mavuno bado, basi anamwuzia mwenye pesa korosho kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Au nenda Kagera uulize butura. Hapo kahawa inauzwa ikiwa bado ua mtini. Ada imedaiwa, msiba umeingia, mgonjwa yuko hospitali. Mwenye pesa anakuja, anatazama miti, anataja bei. Miezi kadhaa baadaye mtoto wa nyumba ile anachuma kahawa kwenye shamba la baba yake, iliyopandwa na babu yake, na hakuna punje inayowahusu.

Mwandishi anahitaji nini zaidi ya hapo? Mtoto yule anachuma. Anajua? Nani alimwambia? Baba anakaa wapi siku hiyo, na anamtazamaje? Katika riwaya nilizozisoma sijakutana na butura hata mara moja. Nimekutana na mizimu, na majini, na ndoto za kurasa kumi.

Mwaka 2018 Mtwara na Lindi walituandikia riwaya nzima bure. Bei za wanunuzi zilikuwa chini, wakulima wakakataa kuuza. Mwezi Novemba serikali ikatangaza itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia kubeba mzigo. Halafu ukaanza uhakiki, kuwatafuta wa kangomba: uonyeshe kwamba unalo shamba lenye kuzaa mzigo ulioleta. Hebu mwone mzee anayewatembeza maofisa kutoka mkorosho hadi mkorosho kuthibitisha kwamba yeye ni mkulima. Sasa tuseme ana jirani aliyemwuzia kwa kangomba, naye anasimama kwenye mpaka wa mashamba akitazama, kimya. Mmoja wao ni mwizi, lakini yupi? Na msimu ujao watahitajiana.

Sitaki ionekane kwamba natafuta vilio tu. Vilio tunavyo vya kutosha. Shamba la leo lina watu wapya ambao riwaya haijawapa hata majina. Yupo kijana wa Ilula mwenye matenga ya nyanya kando ya barabara na simu mfukoni, aliyeshaongea na mtu wa sokoni Dar es Salaam kabla dalali hajashuka kwenye gari. Ujanja wote wa dalali ulisimama juu ya kutojua kwa mkulima. Sasa anajua. Dalali atafanya nini? Na tusimfanye shetani huyo dalali, tafadhali. Nyanya zikiozea njiani hasara ni yake, naye ana madeni na watoto. Yupo mama wa vicoba anayekodi ekari mbili kwa jina lake mwenyewe wakati shamba la ukoo liko kwa shemeji. Wapo vijana wenye digrii waliopelekwa kwenye mashamba ya pamoja ya Chinangali, Dodoma, katika mpango wa serikali wa vijana na kilimo, wakalala pamoja, wakapigwa na jua pamoja. Huyo ni Utubora wa mwaka wetu, ila huyu ana makundi ya WhatsApp, ana mkopo wa chuo, na ana mama anayemwuliza kila Jumapili kama kazi ameshapata.

Mama huyo ndiye ninayemtaka mimi. Shule imemfundisha kwamba jembe ni adhabu, na mwanawe kamwambia kwa simu kwamba amelichagua. Mazungumzo hayo ya dakika nne yana mvutano kuliko hotuba zote za Busutamu.

Ukipata nakala ya *Dunia Uwanja wa Fujo*, isome tena na penseli, uhesabu kurasa ambazo mtu yeyote ameinama akafanya kazi shambani. Na kama kuna anayeifahamu riwaya ya Kiswahili yenye lumbesa ndani yake, anitajie. Nitaitafuta hata kama imechapwa nakala hamsini.