“Nukta” Isiyo Nukta: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sayansi

Mwaka 2023 Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walitunukiwa Nobel ya Kemia kwa kugundua na kuunda vitu vidogo mno vitoavyo mwanga. Kiingereza huviita nukta. Kifaransa, lugha ya masomo katika vyuo vikuu vya Kongo, husema ama nukta ama kisanduku. Mtafsiri wa Kiswahili hushawishika kuandika “nukta kwanta”. Je, jina hilo lafaa?

Katika jiometri, nukta haina urefu wala upana. Hapa, kinyume chake, ukubwa ndio msingi wa yote. Kipande cha kadimi na seleni chenye kipenyo cha nanomita 2 hivi hutoa mwanga wa buluu. Kikifikia nanomita 6 hivi, mwanga huwa mwekundu, ingawa maada ni ile ile. Kadiri elektroni inavyobanwa mahali padogo, ndivyo nishati ya mwanga inavyozidi. “Kisanduku” chaeleza mbano huo, lakini chadokeza uwazi wa ndani usiokuwapo.

“Rangi” nayo ina utata, kwani ni ile ionekanayo na pia ile ipakwayo. Rangi nyingi za maabara huhitaji kila moja mwali wake, na hufifia upesi. Vipande hivi vya ukubwa mbalimbali huamshwa vyote kwa mwali mmoja, kila kimoja kikajibu kwa rangi yake.

Neno zito kuliko yote ni “hai”. Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha makala mbili. Moja ilionyesha seli za panya zilizokwisha kuuawa na kuhifadhiwa kwa dawa, zikiwa na rangi mbili. Nyingine ilionyesha seli hai za binadamu zikimeza vipande hivyo. Kuziita zote “picha za seli hai” ni kupotosha. Tena mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba kadimi ikivuja huua seli, ingawa ganda la salfidi ya zinki hupunguza hatari hiyo.

Heri basi “chembe kwanta”, kwani chembe huwa kubwa au ndogo. Ila vitabu vingine huita seli “chembe hai”. Hapana budi “seli” ibakie jina la chenye uhai, ili mwanafunzi asichanganye taa na kimulikwacho.