Mwalimu Goso na Uchambuzi wa Hadithi kwa Watoto Wadogo

Katika shule zetu za msingi, mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto wadogo uchambuzi wa hadithi aghalabu huanza kwa kuandika ubaoni maneno matano: wahusika, mandhari, matukio, tatizo na funzo. Watoto huyanakili madaftarini na kuyakariri, kisha husomewa hadithi fupi na kutakiwa walipe kila neno jawabu lake. Hatusemi kwamba maneno hayo ni mabaya. Tunasema kwamba yanatangulizwa pale yanapostahili kufuata, na kwa kutangulizwa huko yanamnyang'anya mtoto kitu alichokuja nacho shuleni kutoka kwao, yaani desturi ya kuiuliza hadithi maswali.

Yafaa tuwe na hadithi mkononi, maana ubishi juu ya fasihi usio na hadithi hauendi mbali. Tuchukue ile ya Mwalimu Goso, mojawapo ya ngano za Unguja. George W. Bateman aliichapisha kwa Kiingereza mjini Chicago mwaka 1901 pamoja na ngano nyingine za pwani yetu, lakini asili yake ni Kiswahili, na baadhi yetu tuliisikia majumbani kabla hatujaiona kitabuni.

Goso alisomesha watoto chini ya mbuyu kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kusomeshea. Siku moja paa alipanda mbuyuni kuiba mabuyu. Moja likachomoka, likampiga Goso kichwani, akafa. Wanafunzi walimkuta mwalimu wao maiti, wakamzika, wakaazimia kumtafuta muuaji. Kwanza waliushika upepo wa kusi wakaupiga, wakidhani ndio ulioangusha buyu. Upepo ukajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu hizo usingezuiwa na kiambaza. Wakakipiga kiambaza, nacho kikasema kisingetobolewa na panya. Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba imfungayo, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe ayanywaye, ng'ombe akakitaja kidudu kimsumbuacho, na kidudu kikamtaja paa. Paa alipoulizwa hakuwa na neno. Wakamuua, wakaona wamekwisha kumlipia mwalimu wao kisasi.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika kazi ya ofisi iliyotupeleka shuleni, tuliisikia hadithi hii ikifundishwa katika Darasa la Tatu la shule moja ya pwani. Mwalimu alisoma vizuri, kwa sauti iliyofika hadi dirishani, na watoto walicheka mahali pa kucheka. Kisha alirudi ubaoni kwenye yale maneno matano. Mhusika mkuu ni nani? Darasa zima likajibu: Goso. Mandhari ni wapi? Chini ya mbuyu. Tatizo ni nini? Goso amekufa. Funzo ni nini? Tusiibe. Kila jawabu lilitiwa alama ya vyema. Hapo mtoto mmoja wa mstari wa nyuma, jirani na benchi tulilokalia, alinyosha kidole akauliza, "Mwalimu, paa anapandaje mbuyu?" Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Hilo halimo katika maswali yetu, mwanangu," na kengele ikalia.

Sisi tulikuwa na daftari magotini. Tuliandika kwamba somo lilikuwa na mpango mzuri na kwamba watoto walishiriki. Swali la yule mtoto hatukuliandika. Si haki, basi, kumlaumu mwalimu yule peke yake. Alikuwa na watoto wengi na vitabu vichache, naye alifundisha kama alivyofundishwa. Aliyestahili kujua zaidi ni yule aliyekaa nyuma na kalamu.

Hebu tuyapime majawabu yale. Goso ni mhusika mkuu kwa sababu gani? Kwa sababu jina lake limo katika jina la hadithi. Lakini Goso hufa kabla hajatamka hata neno moja. Wanaokwenda na kurudi, wanaouliza na kupiga, ni wanafunzi wake, na hakuna hata mmoja wao mwenye jina. Mtoto akisema kwamba wahusika wakuu ni wanafunzi, amesema la maana. Akisema ni paa, kwa kuwa ndiye aliyeko mwanzo na mwisho, pia amesema la maana, maadamu anaweza kutuonyesha sababu. Jawabu lisilohitaji sababu si uchambuzi, ni kuitika.

Tatizo nalo lina pande mbili. Kwa wanafunzi, tatizo ni kwamba hawamjui muuaji. Kwetu sisi tunaosikiliza hakuna siri yoyote, kwa kuwa tumeambiwa tangu mwanzo kwamba ni paa. Utamu wote wa hadithi umo katika tofauti hiyo. Tunawatazama watoto wakiupiga upepo, wakikipiga kiambaza, nasi tunajua wamepotea njia. Mtoto wa miaka minane huielewa tofauti hii bila ya kufundishwa istilahi yoyote. Msimulie Goso, na ukifika kwenye panya atapiga kelele, "Siye! Siye! Ni paa!" Kelele hizo ndizo mwanzo wa uchambuzi, kwa kuwa mtoto amekwisha kutenga anachokijua msikilizaji na anachokijua mhusika. Wako wanafunzi wa sekondari ambao huandika kurasa nne juu ya riwaya bila ya kuiona tofauti hiyo hata mara moja.

Ama funzo, tunakiri kwamba neno hili linatuchosha. Kila hadithi inayoingia katika darasa zetu hutoka na "tusiibe", "tuwatii wazazi" au "umoja ni nguvu", kana kwamba hadithi zote ni mifuko ya kubebea methali tatu. Ngano zetu zimeadilisha watu kwa karne nyingi, na hatutaki ziache. Lakini hebu tazama Goso inasema nini hasa. Kila anayeshtakiwa hujiokoa kwa kuungama udhaifu wake. Kiambaza huuzuia upepo lakini hushindwa na panya. Kisu hukata kamba lakini huliwa na moto. Hakuna mwenye nguvu asiye na mbabe wake. Na anayeuawa mwishoni ni yule ambaye hakuwa na la kusema. Je, aliuawa kwa kuwa ni mkosaji, au kwa kuwa alinyamaza? Hadithi imeliacha swali hilo wazi, na mwalimu anayelifunga kwa "tusiibe" ameifunga hadithi pamoja nalo.

Watu husema kwamba istilahi ni ngumu kwa watoto wadogo. Sisi hatuoni hivyo. Istilahi zetu nyingi ni maneno hai ya Kiswahili, ila tunayafundisha kama kwamba yameshuka kutoka ng'ambo. Mhusika ni yule anayehusika. Chungu kikivunjika jikoni, mama huuliza nani anahusika, na watoto wote huelewa haraka sana. Msuko unatokana na kusuka. Mtoto aliyemwona bibi yake akisuka ukili anajua kwamba chane hupandana moja juu ya nyingine kwa utaratibu, na kwamba ukichomoa moja katikati, kazi yote hulegea. Mandhari ni kile kinachoonekana kwa macho. Mwalimu akiyaeleza maneno haya kwa maana zake za nyumbani, nusu ya kazi imekwisha. Kuna wanaopenda kusema "ploti" mbele ya watoto wa Darasa la Tatu. Sisi tunadhani msuko unatosha, na una mkeka ndani yake.

Juu ya mandhari tungependa kukaa kidogo zaidi, kwa kuwa ndicho kipengele kinachodharauliwa kuliko vyote. Wengi hukiona kama pambo, mahali pa kuwaweka watu ili wasining'inie hewani. Basi na tuitazame ngano nyingine, Kisa cha Punda wa Dobi, iliyomo katika mkusanyo wa ngano za Unguja ambao Edward Steere aliutoa London mwaka 1870. Ndani yake kima anafanya urafiki na papa kwenye mti ulioinamia bahari. Siku moja papa anampakia kima mgongoni ampeleke kwao, na wakiwa katikati ya maji anamfunulia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, na hivyo anarudishwa pwani na kupona.

Kisa hiki kimesafiri sana. Kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na huko rafiki wa kima ni mamba. Kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia Ibn al-Muqaffa katika Kiarabu katika karne ya 8, na humo rafiki ni kobe. Kilipofika kwetu, msimulizi aliwatazama wasikilizaji wake, watu wa ngalawa na nyavu, akamweka papa. Hakufanya hivyo kwa ajili ya pambo. Mtu wa pwani anajua papa ni nani, na anajua maana ya kuwa mbali na nchi kavu bila chombo. Kubadilika kwa mahali kumembadilisha mhusika, na kubadilika kwa mhusika kumeizidisha hofu. Jambo hili laweza kufundishwa Darasa la Tatu kwa swali moja: tungeisimulia hadithi hii Dodoma, tungemweka nani, na kima angevukishwa nini? Vivyo hivyo kwa Goso. Mtoto wa pwani anaujua upepo wa kusi kwa ngozi yake; mtoto wa Mwanza atatafuta upepo wa ziwani. Anayetafuta badala yake hana budi kwanza aelewe kile anachokibadili kilikuwa na kazi gani.

Kuhusu njia ya kufundisha, hatuna kanuni nyingi. Hadithi isimuliwe kwanza, kwa mdomo ikiwezekana, kwa itiko la "Paukwa" na "Pakawa", ili watoto wajue kwamba nao wana sehemu yao. Waliokuwa watoto katika miaka ya 1970 na 1980 watakumbuka jinsi kipindi cha Mama na Mwana cha iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam kilivyotukusanya mbele ya redio moja ya jirani; hakuna aliyetuuliza mandhari ni wapi, lakini kesho yake tulisimuliana njiani, na aliyeruka tukio alisahihishwa papo hapo. Kwa Goso, watoto wasimamishwe mstarini, huyu upepo, huyu kiambaza, huyu panya, hadi paa, kila mmoja akimtaja mwenzake. Kisha mwalimu amwondoe mmoja, tuseme kamba, na awaulize kama paka anaweza kumtaja kisu. Watabishana. Ubishi ukikolea, hapo ndipo mwalimu awaambie kwamba mstari huu waliousimamisha huitwa msuko, na waandike.

Watauliza wengine: na mtihani? Mtihani hutaka majina, na majina watayapata. Tofauti ni kwamba watayapata yakiwa na kitu ndani yake. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma makala hii wanajua tunachokisema. Wamekwisha kuandika insha za "fani na maudhui" ambazo ukifuta jina la kitabu kimoja na kuweka la kingine, aya tatu hazitikisiki. Atasema mwanafunzi kwamba katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, mhusika mkuu ni Karama, naye ni msema kweli. Sawa. Lakini Karama ni mshtakiwa aliyesimama barazani, na safari zile za wajumbe tunazipata kutoka kinywani mwake, mtu anayejitetea kwa kusimulia. Nani anasimulia, kwa nani, na akishindwa kitampata nini? Katika yale maneno matano ya ubaoni, msimulizi hayumo kabisa. Mtoto aliyefundishwa kutomtafuta akiwa na miaka minane atampita Karama akiwa na kumi na minane.

Hivi karibuni tuliwasimulia Goso watoto wa jirani waliokusanyika uani kwetu, saba au wanane, jioni moja umeme ulipokatika. Tulipomaliza tukawauliza lile swali ambalo hatukuliandika daftarini: paa alipandaje mbuyu? Mmoja alisema mbuyu ule ulikuwa umeinama. Mwingine akasema paa wa zamani walikuwa na kucha. Binti mmoja mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, akasema paa hakupanda.

"Lakini hadithi imesema alipanda," tukamwambia.

"Babu, aliyemwona nani? Goso amekufa, na wanafunzi hawakuwapo."

Wenzake wakamgeukia. Mkubwa wao akasema kwamba msimulizi ndiye anayejua. Binti akauliza msimulizi aliambiwa na nani, kwa kuwa paa mwenyewe hakusema kitu. Wakagawanyika makundi mawili, kila kundi likitaka tuliunge mkono, na umeme uliporudi hakuna aliyeinuka kwenda kwao.