UTP na Siasa ya Mseto: Uhakiki wa Chama Kilichokosa Mizizi

Katika madarasa yetu ya siasa, habari za United Tanganyika Party, yaani UTP, humalizwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza husema kwamba UTP ilikuwa chama cha vibaraka wa Gavana Twining. Ya pili husema kwamba wananchi waliikataa. Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini haziwasaidii wanafunzi. Ukimwuliza mwanafunzi kwa nini chama kilichobebwa na serikali kilianguka katika uchaguzi ambao masharti yake yalitungwa na serikali hiyo hiyo, hana jibu. Ukimwuliza tena kwa nini chama kilichowapokea watu wa rangi zote kiitwe cha mrengo wa kulia, na chama kilichowapokea Waafrika peke yao kiitwe cha ukombozi, hubabaika.

Swali hilo la pili si la mchezo. Wako watu wanaodai hadi leo kwamba UTP ilikuwa chama cha wastani kilichoitakia nchi umoja, na kwamba ilionewa na jazba za wakati ule. Kada asiyeweza kuwajibu ila kwa kutamka neno “kibaraka” amekwisha kushindwa. Kwa hiyo tumeona inafaa kuichunguza UTP kwa yale iliyoyasimamia, kisha kwa namna ilivyoshindwa.

Kuzaliwa kwa UTP

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka huo huo Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizuru Tanganyika, ukatoa rai kwamba nchi ingeweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25. Serikali ya Uingereza haikupendezwa na rai hiyo. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York akitaka itamkwe wazi kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika. Mwezi wa Februari 1956 ikatangazwa UTP, kwa maongozi ya Gavana Sir Edward Twining, na mwenyekiti wake akiwa Ivor Bayldon, mlowezi wa Nyanda za Juu Kusini.

Mfuatano huo wa tarehe unatosha kutueleza jambo la kwanza. UTP haikuchipuka kutoka katika dhiki ya watu fulani waliokusanyika wakatafuta chombo cha kuisemea. Ilianzia juu, kwa wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria walioteuliwa na Gavana, halafu ikatumwa ishuke chini kutafuta wanachama. TANU ilikwenda kinyume chake. Ilirithi matawi ya TAA na ikaingia katika malalamiko ya wakulima yaliyokuwapo tayari, kama yale ya Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao mwaka 1951, wakampeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea.

Hesabu ya mseto

Neno kuu la UTP lilikuwa mseto. Serikali ya mseto, mabaraza ya mseto, nchi ya mseto. Ni neno tamu, maana mseto ni chakula, na nani atakataa chakula kilichopikwa pamoja? Lakini kabla ya kusifu chakula huna budi kuuliza kila mmoja amepakuliwa kiasi gani.

Katika Baraza la mwaka 1955 wajumbe wasio wa upande wa serikali walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Sensa ya mwaka 1957 ilionyesha kwamba Waafrika walizidi milioni 8 na nusu, na Wazungu walikuwa elfu 20 na ushei. Fanya hesabu mwenyewe. Kiti kimoja cha Wazungu kiliwakilisha watu wapatao elfu 2. Kiti kimoja cha Waafrika kiliwakilisha watu zaidi ya laki 8. Mzungu mmoja alipimwa kwenye mizani sawa na Waafrika wapatao 400. Hiyo ndiyo iliyoitwa “usawa”.

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Usawa wa UTP ulikuwa usawa wa makundi. Haukuwa usawa wa watu. Na usawa wa makundi, mahali ambapo kundi dogo ndilo lenye mashamba makubwa, maduka na vyeo, ni kinga ya mali dhidi ya wingi wa wasio na mali. Hatuhitaji kudai kwamba kila aliyejiunga na UTP alikuwa mtu mwenye chuki. Yamkini wengine waliamini kwa moyo safi kwamba wanajenga urafiki. Siasa ya chama haipimwi kwa nia njema ya wanachama wake. Hupimwa kwa kuuliza: mpango huu ukitekelezwa, nani atabaki na alichonacho, na nani ataambiwa asubiri? Kwa kipimo hicho UTP ilikuwa chama cha mrengo wa kulia, hata kama orodha ya wanachama wake ilikuwa na kila rangi.

Na TANU je? Ni kweli kwamba uanachama wake ulikuwa wa Waafrika tu, na haukufunguliwa kwa raia wa rangi zote mpaka mwaka 1963. Kada asilifiche jambo hilo, alieleze. Waafrika ndio waliokuwa hawana chombo. Wengine walikuwa na viti, vyama vya biashara na masikio ya Gavana. Lakini dai la TANU, yaani mtu mmoja kura moja, lilikuwa la binadamu wote. Ndiyo maana Waasia kama Amir Jamal na Sophia Mustafa, na Wazungu kama Derek Bryceson na Lady Chesham, waliweza kuungwa mkono na TANU bila kuwa na kadi yake. Chama chenye mlango mwembamba kilikuwa na dai pana, na chama chenye mlango mpana kilikuwa na dai jembamba. Anayeshika tofauti hiyo ameelewa somo.

Mtego wa kura tatu

Serikali haikuiachia UTP ishindane peke yake. Mwaka 1957 Mwalimu alipigwa marufuku kuhutubia hadharani, na matawi kadhaa ya TANU yalifungwa au kunyimwa usajili. Machifu waliitwa Mzumbe mwaka huo huo ili watumike kama ukuta. Kisha ukaja uchaguzi wenye masharti yake. Mpiga kura awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa. Na kila mpiga kura alazimike kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Asipotimiza watatu, kura yake imeharibika.

Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, wanachama wengi wa TANU walifika wakiwa wamekasirika, wakitaka uchaguzi ususiwe. Tusiwadharau. Hoja yao ilikuwa nzito: anayeingia katika uchaguzi wa ubaguzi anaupa ubaguzi heshima. Mwalimu naye alionyesha kwamba kususia ni kuiachia UTP viti vyote bila jasho, na hapo Baraza lingesema mbele ya dunia kwamba ndiyo sauti ya Tanganyika. Mkutano ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda African National Congress.

Uamuzi huo wa busara uligeuza mtego ukamnasa aliyeutega. Kura tatu zilibuniwa ili mgombea wa kila rangi atafute kura za rangi nyingine na hivyo alainike. Lakini kwa jumla, hata baada ya kuchujwa kwa fedha na elimu, wapiga kura Waafrika walikuwa wengi. Basi wao ndio waliochagua ni Mzungu gani na Mwasia gani ataingia Barazani. UTP ilikuwa na wagombea, lakini haikuwa na watu wa kuwaambia wapiga kura wampe nani ile kura ya pili na ya tatu. TANU ilikuwa nao kila wilaya.

Agosti 1958 mahakama ilimtoza Mwalimu faini ya shilingi 3,000 kwa makala iliyoandikwa katika gazeti la chama. Shilingi 3,000 ni pauni 150, kiasi kile kile kilichompa mtu haki ya kupiga kura kwa kipato. Mwezi uliofuata, Septemba, majimbo matano ya kwanza yalipiga kura, na wagombea wa TANU pamoja na wale iliowaunga mkono walitwaa viti. Bayldon mwenyewe alishindwa. Februari 1959, katika awamu ya pili, viti vingi havikupata mpinzani. UTP ikavunjika. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Mtemvu naye hakufika mbali. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 alipata kura 21,276, na Mwalimu kura 1,127,978. Vyama viwili vilivyopingana kabisa kwa maneno vilikufa kwa ugonjwa mmoja: kukosa mizizi.

Tunalojifunza

Fundisho la kwanza ni kwamba UTP haikushindwa kwa sababu ilikuwa mbaya. Mabaya mengi hushinda. Ilishindwa kwa sababu upande wa pili ulikuwa na matawi, wanachama waliolipa ada zao wenyewe, na uongozi uliokubali kubishana na wanachama mpaka jambo likaeleweka.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Jina la UTP lilikufa, lakini haja ya kulinda mali ya wachache haikuzikwa nalo. Mwenye mali akiona chama chake kimeanguka, haendi kulia makaburini; huomba kadi ya chama kilichoshinda. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitambua jambo hilo, likamkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Kwa hiyo tunapowafundisha vijana tusiwape orodha ya vyama viovu vya zamani wakaikariri. Tuwape kipimo. Chama chochote kikija na neno tamu, liwe mseto, umoja au maendeleo, kiulizwe kimepakua vipi. Na chama cha kwanza kuulizwa kiwe kile ambacho kadi yake tunayo mfukoni.