Jumapili za Frank Cole

Chukua 2 kwa kipeo cha 67, toa 1. Unapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitia katika orodha yake ya namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ikakaa humo zaidi ya miaka mia mbili, hadi mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alipothibitisha kuwa si tasa. Ajabu ni kwamba hakutaja kigawo hata kimoja. Alijua tu kuwa vipo.

Aliyekwenda kuvitafuta ni Mmarekani Frank Nelson Cole. Wengi humsifu kwa subira. Mimi namsifu zaidi kwa kujua cha kukataa. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili. Ijaribu kanuni hiyo kwa mdogo wake: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2,047, sawa na 23 mara 89. Toa 1 kwa kila kimoja, unabaki na 22 na 88, na zote zinagawanyika kwa 22. Tena, kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 sharti kibakize 1 au 7: 23 hubakiza 7, 89 hubakiza 1. Namba nyingi mno huanguka hapo hapo, kabla hujashika kalamu kugawanya. Hata hivyo, hadi kufikia kigawo kidogo zilibaki zaidi ya laki saba, na kompyuta haikuwepo. Cole akaongeza vichujio vikali zaidi.

Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, inasimuliwa kuwa alikwenda ubaoni kimya, akakokotoa namba yenyewe, kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kazi hiyo, yasemekana alieleza baadaye, ilimlia Jumapili za miaka mitatu.

Ukitaka kumkagua, jumlisha tarakimu za vigawo vyake: 37 na 64. Kila jumla ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, na 1 mara 1 ni 1. Tarakimu 21 za namba kubwa zinafika 109, nayo hubakiza 1. Huo bado si uthibitisho. Anayeutaka na azidishe mwenyewe, kwa mkono.